Simu inashika Wi-Fi, laptopu haishiki

Mtu akikwambia "laptopu yangu haishiki Wi-Fi", bado hajakwambia kitu. Kauli hiyo moja hubeba matatizo manne yasiyo na undugu. Laptopu haioni mtandao hata mmoja. Au inaona mitandao ya majirani, wa nyumbani tu ndio haumo. Au inauona lakini inakataliwa mlangoni. Au imeingia vizuri na hakuna ukurasa unaofunguka. Dawa ya moja haitibu jingine, ndiyo maana watu hupiga Windows upya, siku nzima inaisha na faili zinapotea, halafu mtandao uleule bado hauonekani.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, chukua simu. Iweke palepale laptopu ilipo, zima data, iunganishe na Wi-Fi, fungua tovuti ambayo hujaifungua karibuni. Ikishindwa, iache laptopu kwanza: kesi ni ya rauta, au bando limeisha. Ikifungua, washa hotspot ya simu hiyo na uiunganishe laptopu nayo. Laptopu ikishika hotspot na kukataa rauta, kadi yake ya Wi-Fi ni nzima. Kuna jambo yeye na rauta hawajaelewana. Ikikataa vyote viwili, ugonjwa uko ndani ya laptopu. Kipimo hiki ni cha dakika tatu tu, na kinakuonyesha usome sehemu ipi hapa chini.

Haioni mtandao hata mmoja

Anza na swichi, usicheke. Laptopu za ofisini zina kitufe cha kuzima redio, na mtoto akikigusa mara moja inatosha. Kwenye HP nyingi ni F12 yenye mchoro wa antena. Taa yake ni nyeupe redio ikiwaka, na ya chungwa ikizimwa. Kwenye ThinkPad nyingi ni F8. Dell Latitude za zamani zina swichi ya kusukuma ubavuni, ambayo husogea yenyewe mashine inapotolewa begini. Angalia pia kama alama ya eropleni (Airplane mode) imewaka pale karibu na saa.

Swichi ikiwa sawa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, kisha fungua Network adapters. Ukiona jina la kadi, mfano Intel Dual Band Wireless-AC 7265, likiwa na kishale kinachoelekea chini, imezimwa tu: bofya kulia, chagua Enable device. Ukiona pembetatu ya njano, bofya mara mbili usome namba. Code 28 maana yake draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, haipo. Code 10 maana yake kadi imeshindwa kuanza. Code 43, kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu. Jina lisipokuwepo kabisa, tazama chini ya Other devices; "Network Controller" yenye alama ya njano mara nyingi ndiyo kadi ya Wi-Fi isiyo na draiva.

Hata pale hakuna kitu, usikimbilie kuitangaza kadi imekufa. Kadi za Wi-Fi zina tabia ya kuganda, hasa kwenye mashine ambazo hulazwa tu bila kuzimwa, na kuna umeme mdogo unaobaki kwenye bodi unaoifanya ibaki imeganda hata ukiwasha upya. Zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Rudisha betri na chaja, washa. Kadi nyingi zilizokwisha kuhukumiwa kufa hurudi hapa. Na kuzima kuwe kuzima kweli: Windows 10 na 11 zina Fast Startup, ambayo ukibofya Shut down huhifadhi hali ya mfumo kwenye diski badala ya kuufunga wote, ugonjwa ukihifadhiwa humo humo. Shikilia Shift wakati unabofya Shut down, au andika hivi kwenye Command Prompt, dirisha la kuandikia amri (bonyeza Windows, andika cmd, kisha Enter):

shutdown /s /f /t 0

Tuje kwenye draiva. Mashine haina intaneti, na draiva iko kwenye intaneti. Hapo ndipo wengi hukwama. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya hotspot, washa USB tethering. Windows huichukulia simu kama kadi ya mtandao na unapata intaneti bila Wi-Fi. Waya wenyewe uwe wa kupitisha data. Zipo nyaya za kuchaji tu, na kwa nyaya hizo chaguo la tethering hubaki la kijivu.

Usitafute draiva kwa kukisia. Kwenye Device Manager bofya kulia kile kifaa, Properties, Details, kisha chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama PCI\VEN_8086. Namba inayofuata VEN ndiyo kiwanda: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 168C ni Atheros, 14E4 ni Broadcom, 14C3 ni MediaTek. Ukishajua, chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu au ya Intel wenyewe. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakusasishia draiva zote kwa bonyezo moja, achana nazo. Nyingine hukuwekea draiva ya kadi nyingine inayofanana na yako, na takataka nyingine juu yake.

Kadi ikionekana nzima na orodha bado ni tupu, bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta WLAN AutoConfig. Iwe Running, na Startup type iwe Automatic. Programu za "kuharakisha kompyuta" hupenda kuizima.

Inaona ya majirani, wa nyumbani haumo

Hili ndilo linalowachanganya hata mafundi, kwa sababu laptopu ni nzima, rauta ni nzima, na simu tatu zimeunganishwa bila shida. Kawaida husimuliwa hivi: jana ilikuwa inashika, usiku umeme ukakatika, asubuhi jina la mtandao halimo kwenye orodha.

Sababu ya kwanza ni chaneli. Masafa ya 2.4 GHz yamegawanywa katika chaneli, na Marekani vifaa vya Wi-Fi vya kawaida huishia chaneli ya 11. Ulaya na sehemu kubwa ya dunia, sisi tukiwemo, huenda hadi ya 13. Kadi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi imefungwa kiwandani: haisikilizi 12 wala 13. Laptopu za mtumba zinazouzwa Kariakoo na Nairobi nyingi zimetoka kwenye ofisi za Marekani na Ulaya. Rauta ikiwa kwenye Auto, kila inapowaka upya huangalia chaneli ipi ina utulivu, na kwenye mtaa wenye rauta nyingi ile ya 13 huwa tulivu. Basi umeme unakatika, unarudi, rauta inahamia 13, simu zinaifuata, na laptopu ya Marekani inabaki inatazama pasipo na mtu.

Kibodi inaweza kukudokeza mashine ilikotoka. Alama ya @ ikiwa juu ya 2, ni mpangilio wa Kimarekani. £ ikiwa juu ya 3, ni ya Uingereza. Si ushahidi wa mwisho, maana kibodi hubadilishwa na mpangilio wa Kimarekani huuzwa kote, lakini ukiona @ juu ya 2 na mtandao umepotea, chaneli iwe mshukiwa wa kwanza.

Dawa yake iko kwenye rauta. Fungua kivinjari kwenye simu iliyounganishwa, andika anwani ya rauta: 192.168.0.1 au 192.168.1.1 kwa nyingi, 192.168.8.1 kwa rauta nyingi za Huawei za laini, 192.168.100.1 kwa Huawei nyingi za faiba. Mara nyingi imeandikwa kwenye stika chini ya rauta, pamoja na jina na nywila ya kuingilia. Nenda kwenye mipangilio ya WLAN ya 2.4 GHz, toa Auto, weka 1, 6 au 11. Hizo tatu tu ndizo zisizoingiliana kwa upana wa chaneli wa 20 MHz. Ukiweka 3 kwa kudhani umemkwepa jirani aliye 1, umejipeleka katikati ya makelele ya 1 na ya 6. Upana wenyewe uache 20 MHz. Kwenye nyumba za kupanga zilizobanana, 40 MHz ni kuwasumbua majirani bila wewe kufaidi.

Sababu ya pili ni kwamba kadi haina masafa ya 5 GHz. Andika kwenye Command Prompt:

netsh wlan show drivers

Tafuta mstari wa Radio types supported. Ukikuta 802.11b 802.11g 802.11n na basi, bila 802.11a wala 802.11ac, kadi yako ni ya 2.4 GHz peke yake. Mtandao wenye jina linaloishia na 5G hautauona maisha. Hiyo 5G, kwa njia, ni gigahezi 5. Haina uhusiano na 5G ya mtandao wa simu. Washa 2.4 GHz kwenye rauta na yaishe.

Hata kadi yenye 5 GHz inaweza kupitwa. Chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa pamoja na rada, kwa hiyo rauta hulazimika kusikiliza angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, na baadhi ya laptopu huchelewa kuziona au haziziangalii kabisa. Weka 36, 40, 44 au 48.

Sababu ya tatu inazidi kuonekana kadiri watu wanavyofungiwa rauta mpya za Wi-Fi 6, yaani 802.11ax. Kadi za Intel za kizazi cha 7260, 3160, 7265 na 8260 zikiwa na draiva ya zamani haziuelewi ujumbe wa utambulisho wa rauta hizo, hivyo huuficha mtandao wote kwenye orodha. Si ishara dhaifu, si nywila. Jina halipo tu. Weka draiva mpya kutoka Intel na jina litatokea. Kwa kujaribu haraka kabla ya kupakua chochote, ingia kwenye rauta ubadilishe mode ya 2.4 GHz kutoka b/g/n/ax kuwa b/g/n. Jina likijitokeza, umeshajua.

Inauona, inakataliwa kuingia

Nywila kwanza. Kwenye stika ya rauta, herufi O na sifuri hufanana, l na I na 1 ni pacha watatu. Bofya alama ya jicho uone unachoandika. Nywila ya WPA2, aina ya ulinzi wa Wi-Fi, ina herufi 8 hadi 63, na herufi kubwa si sawa na ndogo.

Kama nywila ya rauta ilibadilishwa, laptopu huendelea kupeleka ile ya zamani iliyokaririwa, na Windows haisemi wazi kwamba nywila ni mbovu. Inaandika "Can't connect to this network" na kukuacha hapo. Ufute mtandao huo uliokaririwa, ukiweka jina lake mahali pa JinaLaMtandao:

netsh wlan show profiles
netsh wlan delete profile name="JinaLaMtandao"

Kisha unganisha upya kana kwamba hujawahi kuujua.

Nywila ikiwa sahihi na bado inakataa, angalia usalama uliowekwa kwenye rauta. Rauta mpya zina WPA3, ulinzi uliofuata baada ya WPA2. Windows 7 haiijui kabisa. Windows 10 ilianza kuielewa toleo la 1903, na hata hapo kadi na draiva lazima ziikubali. Rauta ikiwa WPA3 peke yake, laptopu ya zamani itagonga mlango hadi asubuhi. Weka WPA2-PSK yenye AES, au mchanganyiko wa WPA2/WPA3. Ukiona mchanganyiko unaleta kigugumizi, weka WPA2 tupu. Kwa nyumbani, ukiwa na nywila ndefu, inatosha. TKIP, njia ya zamani ya kuficha data, usiichague hata rauta ikikupa, kwa sababu mbali na usalama wake kuwa hafifu, inakurudisha kwenye kasi ya 54 Mbps.

Halafu kuna idadi. MiFi nyingi za mfukoni hukubali vifaa kama 10, na nyumba yenye simu tano, TV, king'amuzi na kamera hujaa kabla laptopu haijafika. Zima Wi-Fi kwenye simu mbili ujaribu tena. Na kama mwenye nyumba amewasha orodha ya MAC (namba za utambulisho wa vifaa) zinazoruhusiwa, hakikisha Random hardware addresses imezimwa kwenye laptopu, vinginevyo itajitambulisha kwa jina lisilo lake.

Imeingia, hakuna kinachofunguka

Fungua Command Prompt, andika ipconfig, soma mstari wa IPv4 chini ya Wireless LAN adapter Wi-Fi.

Ukikuta 169.254 mwanzoni, laptopu imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba kwa rauta na kukosa. Andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Ikikataa, washa upya rauta. Ikiendelea, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, andika netsh winsock reset, kisha netsh int ip reset, na uwashe upya laptopu.

Ukikuta anwani isiyofanana na ya simu yako, tuseme simu ni 192.168.1.23 na laptopu ni 10.20.4.15, laptopu imebaki na anwani ya kudumu ya ofisi ilikotoka. Windows na R, ncpa.cpl, bofya kulia Wi-Fi, Properties, Internet Protocol Version 4, chagua Obtain automatically sehemu zote mbili. Ukiwa huko huko, angalia Proxy (seva ya kati ambayo intaneti hupitishwa) kwenye Settings: laptopu za ofisi hupenda kubaki na proksi ya kampuni iliyozima seva zake zamani.

Anwani ikiwa sawa, pima hatua kwa hatua. Andika ping ikifuatiwa na namba ya Default gateway, yaani anwani ya rauta uliyoiona kwenye ipconfig. Ikijibu, ping 8.8.8.8, anwani ya Google kwenye intaneti. Gateway ikijibu na 8.8.8.8 ikanyamaza wakati simu inapita, tazama kama kuna VPN au antivairasi iliyokwisha muda inayozuia njia. 8.8.8.8 ikijibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba: weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 mahali palepale pa IPv4.

Ping zote zikijibu na kivinjari kinang'ang'ania "Your connection is not private" kwa kila tovuti, tazama tarehe. Laptopu ya mtumba ikifa betri ya bodi, mara nyingi CR2032, hurudi miaka nyuma kila ikikosa umeme, na vyeti vya tovuti vyote huonekana batili. Rekebisha tarehe utaingia. Badilisha betri usirudie kesho.

Inashika ukiikalia rauta tu

Andika netsh wlan show interfaces usome Signal. Asilimia hiyo igawe kwa 2, toa 100, utapata dBm, kipimo cha nguvu ya ishara, kwa makadirio: 84% ni kama -58, nzuri, 50% ni -75, hapo inakatika-katika. Pima mita mbili kutoka kwa rauta. Simu ina alama zote na laptopu ina 40%? Ukuta hauna hatia hapo, waya wa antena umechomoka.

Kadi ya Wi-Fi ina nyaya mbili nyembamba, mara nyingi nyeusi na nyeupe, zinazopanda hadi kwenye fremu ya skrini. Fundi akifungua mashine kuongeza RAM au kubadilisha kibodi, hujisahau moja ikining'inia. Zima, chomoa betri, fungua kifuniko cha chini, weka kichwa cha waya sawasawa juu ya kitako chake kabla ya kubonyeza. Utasikia "tik" ndogo. Usikisokote, usikilazimishe, na usikitoe ovyo, maana vichwa hivi havikuundwa kwa kutolewa kila wiki.

Kama inashika vizuri halafu inadondoka baada ya kukaa kimya, rudi Device Manager, Properties za kadi, Power Management, toa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power".

Ukiamua kununua kadi mpya, tazama mambo mawili kabla ya kulipa. AX201 na AX211 zinategemea sehemu ya redio iliyo ndani ya prosesa na chipseti za Intel za vizazi vipya. Kwenye laptopu ya zamani hazifanyi kazi hata zikiingia kwenye tundu. AX200 na AX210 ndizo zinazojitegemea, na zinahitaji tundu la M.2. Pili, ThinkPad na HP za miaka ya nyuma zina orodha ya kadi zinazokubalika kwenye BIOS, programu inayoanzisha laptopu kabla ya Windows. Ukiweka ya nje ya orodha, ThinkPad husimama na "1802: Unauthorized network card is plugged in", HP nayo "104-Unsupported wireless network device detected".

Kwa mashine za namna hiyo, kidongo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB ni nafuu na hakiombi ruhusa ya BIOS. Chukua chenye 5 GHz ukiweza. Kama ni cha 2.4 GHz, kichomeke kwenye tundu la USB 2.0, lile jeusi, mbali na diski ya nje iliyo kwenye USB 3.0, kwa sababu USB 3.0 inapofanya kazi hutoa kelele kwenye masafa hayohayo ya 2.4 GHz, na ishara iliyokuwa nzuri huporomoka ghafla mara tu unapoanza kunakili faili.